Vifaa vya kufungulia Stihl 070 ya zamani: vipi vya kununua, vipi vya kuchongesha?

mbao_njombe

Habari za kazi wakuu. Nina chenso mbili za zamani za kupasulia mbao, Stihl 070, zile za poinsi (vikato vinavyofunguka na kufunga kutoa moto wa plagi) zenye kabureta ya Tillotson. Ya kwanza pistoni imechubuka upande wa egzosi na ringi imenata. Ya pili inawaka vizuri ikiwa baridi, ila ikishapata moto inapanda resi yenyewe, na ukiachia gesi inachelewa kushuka. Nataka kuzishusha zote mpaka krenki: sili mbili, beringi, ringi na poinsi.

Kwenye boksi nina spana 8 hadi 19, soketi za nusu inchi, bisibisi, plaizi, fila geji (majani ya kupimia uwazi) na venia (kipimio cha kipenyo na kina). Dukani wananiuzia gea pula ya miguu mitatu, wanasema inatosha kwa flaiwili na klachi. Inatosha kweli? Kipi naweza kuchongesha kwa mkereza vyuma, na kipi lazima ninunue hata kama ni ghali? Na kile cha kupima kama injini inavuja hewa mnakipata wapi?

fundi_mafinga

Mkuu, anza na hicho cha mwisho kabla hujagusa nati hata moja. Dalili zako zote mbili zinaelekea sehemu moja.

Injini ya tu-stroki inatumia chumba cha krenki kama pampu. Hewa na petroli vinaingia humo kwanza, ndipo vinasukumwa juu kwenye silinda. Sili ya krenki ikichoka au gasketi ya chini ya silinda ikipasuka, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta. Petroli inapungua kwenye mchanganyiko, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, pistoni inakosa oili vilevile. Upande wa egzosi ndio wenye moto mkali, kwa hiyo ndio unaochubuka kwanza. Ingekuwa imelika upande wa kabureta ningekwambia uangalie filta, maana huko huwa ni vumbi. Na hiyo inayopanda resi ikipata moto nayo inanuka sili. Ukiweka pistoni mpya bila kujua hewa inapoingilia, nayo itachubuka vilevile.

Kifaa cha kiwandani kipo. Pampu ya presha ya Stihl ni namba 1106 850 2905, ya vakyumu ni 0000 850 3501. Presha unapandisha hadi 0.5 bar, ikae sekunde 20 bila kushuka. Vakyumu unavuta hadi 0.5 bar, na baada ya sekunde 20 isiwe imepungua chini ya 0.3. Fanya vyote viwili. Presha inaubana mdomo wa sili kwenye shafti, vakyumu inaunyanyua, kwa hiyo sili iliyochoka inaweza kushika presha vizuri kabisa ikaja kushindwa kwenye vakyumu. Wanaopima kwa presha peke yake wanarudisha mashine mbovu kwa mwenyewe.

Mbadala upo na ni wa bei ndogo. Kwa presha, chukua mpira wa kubonyeza na geji ya mashine ya mkono ya kupimia presha ya damu. Geji hiyo inaishia milimita 300 za zebaki, ambayo ni kama 0.4 bar, inatosha kuonyesha mvujo, ila usiipeleke zaidi ya hapo. Kwa vakyumu, nunua pampu ya mkono ya kutolea hewa kwenye breki za magari. Geji yake mara nyingi inasoma kwa inchi za zebaki: 15 ndiyo 0.5 bar yako. Zipo pampu za aina hiyo zinazosukuma na kuvuta. Ukiipata hiyo, huhitaji nyingine.

Kazi iliyobaki ni kuziba milango. Toa egzosi, kata kipande cha tyubu ya lori, kiweke kati ya egzosi na silinda, kisha rudisha boliti ukaze. Upande wa kabureta kata bamba la alumini la mm 6 kwa kufuata gasketi ya kabureta, toboa matundu ya boliti, na katikati weka nipo ya kuchomekea mpira. Hakikisha bamba na gasketi vinafunika na lile tundu dogo la pembeni, ndilo linalopeleka msukumo wa krenki kwenye pampu ya kabureta. Likibaki wazi utatafuta mvujo usiokuwepo siku nzima. Plagi iache imekazwa. Pistoni iwe juu kabisa, hapo mlango wa kuingizia unakuwa wazi kwenye chumba cha krenki.

Pandisha presha, paka maji ya sabuni kwenye gasketi ya silinda, kwenye maungio ya bloku na kuzunguka plagi. Sili ya upande wa flaiwili huwezi kuiona mpaka flaiwili itoke, kwa hiyo kama geji inashuka na povu halionekani popote, toa flaiwili na klachi upime tena. Ukiwa na presha ndani, tikisa krenki kidogo kidogo huku na huku. Sili iliyolika upande mmoja inavuja shafti ikifika mahali fulani tu.

Kabureta inapimwa peke yake: presha 0.8 bar kwenye nipo ya petroli, na isishuke. Ikishuka, sindano haikai sawa au kuna uchafu kwenye kiti chake.

mkereza_gerezani

Fundi amemaliza la hewa. Nijibu la pula.

Usiweke miguu mitatu kwenye flaiwili. Ile ni alumini ya kumiminwa, ina mapezi ya kupuliza hewa na sumaku ndani yake. Miguu inashika ukingo wa nje wakati kilichokamatana na shafti ni kitovu. Nguvu inapita kwenye sehemu dhaifu kabla ya kufika kwenye koni, ile sehemu ya shafti iliyochongoka inayokamata flaiwili. Pezi moja likivunjika flaiwili inakosa balansi, inatikisa, na beringi mpya zinakufa mapema.

Pula sahihi inavuta kitovu chenyewe. Angalia kitovu kama kina matundu yenye thredi. Kama yapo, weka karatasi juu yake, sugua kwa kidole chenye grisi, na ramani ya matundu itatokea hapo. Mletee mkereza karatasi hiyo. Mwambie akate bamba la chuma la mm 10, atoboe matundu ya pembeni kwa ramani, na katikati akate thredi ya M10 au M12 ya meno madogo. Boliti za pembeni ziwe daraja 8.8. Kabla ya kuzikata urefu, pima kina cha matundu kwa mkia wa venia, kwa sababu nyuma ya flaiwili kuna koili na poinsi: boliti ndefu ya mm 3 zaidi inatosha kuvunja koili nzima.

Namna ya kuvuta: legeza nati ya flaiwili mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, usiitoe. Hapo inalinda thredi na inazuia flaiwili kurukia mbali. Funga bamba, kaza boliti ya kati mpaka iwe ngumu, kisha piga kichwa chake pigo moja kavu kwa nyundo ya gramu 500. Koni inaachia kwa mlio unaosikika. Isipoachia, ongeza robo mzunguko upige tena. Usichokonoe kwa bisibisi nyuma ya flaiwili, utapasua bloku.

Kitovu kikikosa matundu, kinachongeshwa kinati kirefu cha chuma kisichotoboka upande wa pili, chenye thredi ileile ya shafti. Kifunge kibakize nafasi ya kama mm 1.5 kabla ya kugusa kitovu. Mtu mmoja anyanyue mashine kwa kushika flaiwili, mwingine apige kinati pigo lililonyooka. Pigo la pembeni linapindisha shafti, na shafti iliyopinda hakuna sili itakayoishika.

Kuzuia injini isizunguke wakati wa kufungua nati, tumia kamba ya nailoni ya mm 5 au 6 kupitia tundu la plagi. Hapa wengi wanaharibu. Zungusha kwanza pistoni ipande mpaka iwe imeupita na kuufunika mlango wa egzosi, ndipo uingize kamba kama nusu mita, ncha ibaki nje. Ukiingiza pistoni ikiwa chini, kamba inateremkia mlangoni, pistoni inaikatia pale na ringi inavunjika. Bisibisi au boliti ya chuma isiingie mle kabisa. Kichwa cha pistoni ni laini, kinaingia shimo.

Klachi sasa. Stihl nyingi klachi inafunguka kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa, yaani thredi ya kushoto, lakini usiamini kwa kusikia, hata kutoka kwangu. Angalia mshale kwenye klachi. Kama hakuna, safisha meno ya thredi yanayoonekana kwenye ncha ya shafti, simamisha mashine shafti ielekee juu, uyatazame kwa ubavu. Meno yakipanda kuelekea kulia ni thredi ya kawaida, yakipanda kuelekea kushoto ni ya kinyume. Dakika moja ya kutazama inakuokolea krenki.

Ukirudisha, futa koni ya shafti na ya flaiwili kwa petroli, zikauke kabisa, bila oili wala grisi. Kii ya nusu mwezi ikague ukingoni. Ikiwa imechubuka kidogo tu, moto wa plagi unahama na mashine inapiga mkono wakati wa kuvuta stata.

mbao_njombe

Asanteni sana wakuu. Nimeshika la presha na vakyumu, na bamba nitapeleka SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanichongee. Bado mawili. Jirani fundi welda ananishauri nipashe bloku kwa gesi ya kulehemu ili beringi zitoke bila kugongwa. Na sili mpya nazipigaje zisikatike mdomo? Ile ya kwanza imetoka na alama za kukatwa, nadhani aliyeiweka aliipitisha juu ya njia ya kii.

fundi_mafinga

Moto wa kulehemu hapana, kabisa. Bloku la chenso hizi ni magnesiamu. Vumbi lake na vipande vyembamba vinashika moto, na moto wa magnesiamu ukimwagiwa maji unazidi. Ukitaka kuhakikisha, kwangua unga kidogo sehemu isiyo na kazi, uweke kwenye siki. Magnesiamu inatoa mapovu papo hapo, alumini inatulia. Unaposaga au kutoboa bloku, fagia vumbi lake mara kwa mara na uwe na mchanga mkavu karibu.

Joto linalohitajika ni dogo, nyuzi 100 hadi 120. Osha bloku petroli yote iishe, likauke, kisha liweke kwenye oveni au juu ya jiko la umeme lenye bamba, likae mpaka tone la maji likidondoka linachemka papo hapo. Beringi nyingi zinadondoka zenyewe hapo, au kwa kugonga bloku kwenye ubao. Beringi mpya ziache kwenye friza usiku mzima, bloku lipashwe, ziingie kwa kusukuma na kidole gumba. Zikigoma usipige nyundo, rudisha joto. Ukipiga kwa ringi ya ndani unaacha alama kwenye gololi zake, na beringi itaanza kulia ndani ya wiki.

Kutenganisha bloku: toa boliti zote, na hesabu, kwa sababu nyingine zimejificha nyuma ya klachi na pampu ya oili ya mnyororo. Bamba lilelile la pula linaweza kutumika. Lifunge kwenye upande mmoja wa bloku kwa boliti ndefu, boliti ya kati isukume ncha ya krenki. Usitie bisibisi kwenye maungio. Mkwaruzo mmoja pale ndio mvujo utakaoutafuta baadaye kwa maji ya sabuni.

Sili. Kabla hujaitoa ya zamani, pima kwa mkia wa venia imekaa kina gani, uandike. Pima shafti, tundu na unene. Hivyo vipimo vitatu ndivyo unavyotaja dukani, pamoja na namba iliyoandikwa kwenye sili. Omba ya Viton kama ipo, inavumilia joto na petroli kuliko ile ya kawaida ya naitraili. Kutoa ya zamani, chonga ndoano kutoka kwenye bisibisi chakavu, ncha iwe butu na laini, uvute kutoka ukingo wa nje. Usiegemee shafti.

Kuweka mpya unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni bomba la kusukumia, kipenyo cha nje kipungue nusu milimita mpaka moja kuliko sili, uso wake ukerezwe wima kabisa. Cha pili ni kinga ya mdomo: kata plastiki ya chupa ya soda, ikunje iwe koni nyembamba juu ya njia ya kii na thredi, paka grisi, pitisha sili, kisha chomoa plastiki. Kama shafti ina mfereji pale ilipokaa sili ya zamani, weka mpya ikae tofauti na pale kwa kama milimita moja, mdomo ukute chuma kizima. Hakikisha tu haizibi njia ya oili ya beringi.

Kwenye pistoni, mshale uelekee egzosi. Klipu za pini usirudishe za zamani hata kama zinaonekana nzima, na mdomo wa klipu uelekee juu au chini, usielekee pembeni. Ringi ina kipini chake kwenye mfereji, ncha zake mbili zikikaa juu ya kipini badala ya kukikumbatia, ringi inavunjika silinda ikishuka. Kabla ya kufunga, sukuma ringi peke yake ndani ya silinda kwa kutumia pistoni ili ikae sawa, upime uwazi kwa fila geji. Kanuni ni kama mm 0.1 kwa kila mm 25 za kipenyo. Silinda ya 070 ni mm 58, kwa hiyo unatafuta kama 0.23. Ikikaribia milimita moja imekwisha.

Cha kubania ringi kinatosha kipande cha kopo la soda na klipu pana ya hosi. Chini ya pistoni weka vijiti viwili vya mbao ngumu, unene sawa, kimoja kila upande wa konrodi, pistoni ikae haitikisiki. Stihl wana kibao chao cha kazi hiyo, 1108 893 4800, lakini mninga unafanya kazi ileile.

kaka_hamburg

Niongezee kuhusu vifaa halisi, kwa wenye ndugu Ulaya wa kuwatumia.

Namba za Stihl zinasomeka. Tarakimu nne za mwanzo ni kundi la mashine ambalo kitu kilitengenezewa kwanza: 1106 ni 070 na 090, 1110 ni 041, 1111 ni 051, 1119 ni 038. Kwa hiyo mtu akikuuzia pula yenye namba ya kundi jingine, usilipe kabla ya kulinganisha nafasi za matundu na thredi. Vifaa vya kupimia havifungwi na kundi, ndiyo maana pampu ya presha yenye 1106 inatumika mpaka kwenye mashine mpya.

Kwenye minada ya mtandaoni ya Ujerumani, tafuta kwa Kijerumani: "Abzieher" ni pula. Andika neno hilo pamoja na "Stihl 070" au "090", maana wauzaji wengi wa vitu vya karakana zilizofungwa hawaandiki kwa lugha nyingine. Omba picha ya thredi ikiwa na rula pembeni. Kifaa cha chuma kizima hakizeeki. Kinachoharibika ni thredi ya boliti ya kati, na hiyo mkereza anabadilisha. Pampu za mpira zilizotumika ziache, mpira wa ndani unakuwa umekauka.

Kwa wenye mashine za zamani za Kimarekani, Homelite na McCulloch, jambo la kwanza ni thredi. Hizo ni za inchi: 10-24 na 12-24 kwa skrubu nyingi, 1/4-28 kwenye baadhi ya boliti. M5 inaingia kwenye 10-24 mizunguko miwili ikijifanya inakubali, kisha inakula magnesiamu. Nunua geji ya kupimia thredi yenye majani ya milimita na ya inchi kwa pamoja, ni kifaa kidogo cha bei nafuu. Stihl yako ni ya milimita: boliti ya M5 ya kichwa cha shimo inataka spana ya L ya 4, M6 inataka ya 5. Nunua zenye mkono wa T na shina refu, maana boliti za silinda zimezama, na ncha iliyolika inaharibu kichwa cha boliti siku ya kwanza.

pawaso_eldoret

Ndugu, upande wa moto vifaa ni vichache, ila kimoja watu wanakitumia vibaya: mita.

Unapotafuta pale poinsi zinapofunguka, mita ya omu ikiwa koili imeungwa itakudanganya. Waya mnene wa koili una ukinzani mdogo sana, kama omu moja au chini, kwa hiyo poinsi zikiwa wazi au zimefungwa mita inaonyesha karibu kitu kilekile. Tenganisha waya wa koili kwanza. Au tumia karatasi nyembamba ya sigara: ibane kati ya poinsi, zungusha krenki polepole huku ukiivuta kidogo. Inapoachia ndipo poinsi zinapofunguka. Linganisha na alama za flaiwili na bloku.

Uwazi wa poinsi weka 0.35 hadi 0.40, plagi 0.5. Ukibadilisha uwazi wa poinsi umehamisha na muda wa moto, kwa hiyo poinsi kwanza, muda baadaye. Usisafishe kwa msasa, chembe zake zinabaki zimenasa kwenye chuma na kuziunguza poinsi. Tumia faili nyembamba, kisha futa kwa kitambaa na petroli, malizia kwa karatasi safi kavu. Poinsi zikiwa nyeusi tena baada ya saa chache za kazi, ni kondensa. Mita yenye kipimo cha faradi iwe inasoma karibu mikrofaradi 0.2. Kondensa ya nje ya pikipiki ya poinsi inafanya kazi ikifungwa vizuri, mwili wake ukagusa bodi na waya wake ukaunganishwa na poinsi.

Kwa Kenya, Kirinyaga Road ya Nairobi ndiko unapata pampu ya breki, sili kwa vipimo na beringi kwa namba. Mabamba, mabomba ya kusukumia sili na ndoano, Kamukunji, hukohuko Nairobi, wanakuchongea ukisimama pale, lakini nenda na mchoro wenye vipimo na kipande cha kujaribia thredi. Ukienda kwa maneno utapewa kinachofanana.

Na uangalie unaponunua seti ya silinda na pistoni. Za kuiga kutoka China za 070 zimejaa sokoni na nyingi zinafunga, lakini kingo za milango ndani ya silinda huwa kali. Pitisha kidole. Kama inakwaruza, laza kingo hizo kwa msasa laini namba 400 uliozungushwa kwenye kijiti, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Ringi inayokwama kwenye ukingo mkali haidumu.

Kwa kabureta, soma namba iliyogongwa kwenye mwili, inaanza na HL, uagize seti ya diaframu kwa namba hiyo. Ule mkono mdogo wa sindano uwe sawa na sakafu ya chumba chake. Weka rula ndogo ya chuma juu ya sakafu, mkono uguse bila kuinyanyua. Ukiwa juu mashine inalewa petroli, ukiwa chini inakufa njaa.

mbao_njombe

Nimeelewa. La mwisho wakuu: nikishaifunga, takometa sina. Nitajuaje resi iko sawa? Hapa wanakaza skrubu ya petroli mpaka mlio uwe safi.

pawaso_eldoret

Huo mlio safi ndio unaoua 070. Kabureta nyingi za mashine hii zina gavana ndani: resi ikifika kiwango chake, vali inafunguka na kuongeza petroli ili injini isizidi mwendo. Ndiyo maana ikiwa haina mzigo inakoroma na kukatakata. Mtu akisikia hivyo anakaza skrubu ya H (petroli ya mwendo wa juu) kuondoa mkoromo. Mkoromo hauondoki wote, ila petroli inapungua msumeno ukiwa ndani ya gogo, pale oili inapotakiwa zaidi. Gavana usiizibe pia. Krenki hii nzito haikutengenezewa resi za chenso ndogo.

Anza na mzunguko 1 kamili wa H na 1 wa L (petroli ya mwendo wa chini) kutoka ilipofunga, bila kukaza kwa nguvu chini maana sindano inachimba kiti. Ipate moto dakika chache. Rekebisha L mpaka ikiguswa gesi ipande bila kusita, kisha skrubu ya sailensa (mwendo wa injini bila kugusa gesi) mpaka mnyororo usimame. H ipime ukiwa unakata: ndani ya gogo mlio usafike, ukinyanyua upanga ukorome tena mara moja. Ikibaki safi hata baada ya kunyanyua, legeza H kwa robo.

Takometa unayo mfukoni. Weka kwenye simu programu ya kupimia masafa ya sauti. Injini hii inalipuka mara moja kila mzunguko, kwa hiyo hezi unazosoma zidisha kwa 60: hezi 42 ni kama resi 2,500, hezi 117 ni kama 7,000. Simu iwe mita mbili kutoka kwenye egzosi, na usome namba ya chini kabisa inayotulia, kwa sababu programu nyingi zinarukia mara mbili ya masafa halisi.

fundi_mafinga

Na tanki la kwanza baada ya ringi mpya changanya mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Kata magogo membamba, usiingize upanga wote kwenye gogo nene la kupasulia mpaka tanki mbili au tatu zipite. Likiisha la kwanza, kagua tena boliti za silinda na za egzosi mashine ikiwa imepoa. Gasketi mpya inakaa chini kidogo na boliti zinalegea. Kisha rudia kipimo cha vakyumu kabla hujaipeleka shambani.